Mtu akikimbia polisi apigwe risasi? Na hii "ya mguu" inaokoa kweli?

MamaChapati_Steji
Wadau habari za jioni. Naomba mnisaidie kufikiria hii maneno maana tangu Alhamisi silali vizuri. Mimi huuza chapati na maharagwe hapa Eastlands, Nairobi, karibu na steji. Saa moja jioni hivi kijana akampora dada fulani simu kupitia dirisha la matatu akatoroka na ile njia ya nyuma ya vibanda. Kulikuwa na polisi wawili wanapita. Mmoja akaita "simama!" na hata sijamaliza kugeuka nikasikia mlio, mara mbili. Kijana akaangukia kwa mtaro, hatua kama nne kutoka kwa jiko langu. Ndala yake moja ikabaki katikati ya njia, ya kijani, kamba yake imeshonwa na uzi wa gunia. Simu ilikuwa bado iko mkononi na ikaanza kulia, nafikiri mwenyewe aliomba simu ya mtu akaipigia. Ikalia mpaka ikanyamaza.

Nilimjua kwa sura. Alikuwa ananunua chapati moja na kuomba aongezewe supu.

Kesho yake wateja wangu wakagawanyika, wengine wanasema afadhali tumepumzika, wengine wanasema wangempiga ya mguu tu, vile Rais Ruto alisema Julai 2025 kwamba anayeharibu biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu apitie hospitali akienda kortini. Sasa nauliza, sheria inasemaje kuhusu mtu ambaye amekupa mgongo anakimbia? Na kwa nini hawakupiga mguu?

HardwareMan
Pole mama kwa hayo uliyoona, lakini mimi nitasema ukweli wangu. Nimevunjiwa duka mara mbili. Mara ya pili walimkata mlinzi wangu na panga kichwani, mzee wa watu, mpaka leo mkono wa kushoto haushiki kitu. Tulimkamata mmoja sisi wenyewe tukampeleka kituoni, tukaandikisha OB, kile kitabu cha matukio, baada ya wiki mbili nikapatana naye sokoni yuko nje kwa bondi ananiangalia machoni. Shahidi aliogopa kesi ikafa. Kwa hivyo watu wakisema afadhali apigwe risasi usiwaone ni wakatili, ni watu wamechoka kuibiwa na kuambiwa rudi wiki ijayo, na huyo dada wa simu labda mikopo yake na biashara yake yote iko ndani ya hiyo simu. Asiyetaka risasi asikimbie.

Mstaafu_Kilo
Nimebeba bunduki ya serikali miaka 26 kabla sijastaafu kwa hivyo nitajibu hilo la mguu. Kwenye mafunzo hakuna anayefundishwa kulenga mguu. Unafundishwa kulenga kifua, sehemu pana ya mwili, kwa sababu unapiga tu pale ambapo usipopiga mtu atakufa, wewe au raia. Mguu wa mtu anayekimbia ni mwembamba na hautulii hata nukta moja, na wewe mwenyewe umekimbia, unahema, mkono unatetemeka, ni jioni. Ukikosa hiyo risasi haipotei hewani, inaenda kutafuta mtu mwingine. Machi 2020 wakati wa kafyu mtoto wa miaka 13 alipigwa na risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, hapa Nairobi. Alikuwa juu nyumbani kwao, hakuwa amemkosea mtu. Mama, hapo steji kulikuwa na watu wangapi nyuma ya huyo kijana?

Na hiyo "simama" moja halafu mlio si onyo. Unatakiwa ujitambulishe kwamba wewe ni polisi, uonye, umpe mtu nafasi ya kutii, labda tu kama kungoja kutaleta kifo. Mimi nimewaacha watu wakatoroka zaidi ya mara moja na inauma, wenzako wanakucheka. Lakini mtaani watu wanajuana, wengi tuliwapata siku ya tatu kwa shangazi zao wamelala.

@HardwareMan ndugu yangu, waliomkata mlinzi wako na panga wakiwa bado wanamkata, hapo hata mimi ningepiga. Tofauti iko hapo tu.

SistaWadi7
Mimi ni muuguzi, naomba kuongeza kidogo kwa huo mguu maana hiyo kauli ilinikasirisha sana nilipoisikia. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu, ukikatika mtu anaweza kuishiwa damu ndani ya dakika chache kabla hata hajapata gari. Nimewahi kupokea kijana aliyeletwa kwa bodaboda, amekalishwa katikati ya watu wawili, paja limefungwa na leso, na leso ilikuwa imelowa mpaka inadondoka kwa sakafu kuanzia mlangoni. Risasi ilikuwa ya mguu. Hakumaliza saa moja. Anayepona naye mara nyingi mfupa umesagika, anakaa na vyuma miezi, wengine mguu unakatwa. Kwa hivyo jamani tusiseme ya mguu kana kwamba ni kiboko.

Sheria_Mwaka4
Mama Chapati, pole sana. Kwa swali la sheria: Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema silaha itumike tu pale njia nyingine hazitoshi, kuokoa maisha, ama kujitetea au kumtetea mtu dhidi ya hatari ya kifo au jeraha baya iliyo karibu kutokea. Baadaye wakaongeza kulinda maisha na mali kwa nguvu inayoweza kuhalalishwa, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini. Soma hilo neno vizuri, ALIYESHTAKIWA. Huyo kijana hakuwa ameshtakiwa, hakuwa hata ameshikwa. Watu hulichukua hilo kifungu wakalipanua mpaka likawa ruhusa ya kumpiga yeyote anayekimbia.

Na hili si jambo letu peke yetu. Marekani, Memphis, Oktoba 1974, polisi alimpiga risasi kijana wa miaka 15 kisogoni akipanda ua usiku baada ya kuvunja nyumba. Polisi mwenyewe alikiri kwamba alikuwa karibu na hakika kijana hana silaha. Kijana alikuwa na pochi na dola 10 tu alizotoa kwa hiyo nyumba. Sheria ya jimbo la Tennessee iliruhusu hiyo, ni kanuni ya zamani iliyotoka Uingereza enzi ambazo karibu kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kunyongwa, kwa hivyo waliona ukimuua akikimbia umetangulia tu kile ambacho korti ingefanya. Baba yake akaenda kortini, kesi ikachukua miaka mpaka 1985 ambapo Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikasema hairuhusiwi kumuua mtu anayekimbia isipokuwa kuna sababu ya kuamini ni hatari kubwa kwa maisha ya polisi au watu wengine.

Sasa leta hiyo hesabu Kenya. Serikali yetu haijanyonga mtu tangu 1987, hata wale waliosikilizwa na jaji na kukata rufaa na kushindwa. Halafu mtu wa simu anahukumiwa nyuma ya vibanda kwa sekunde mbili!

Mzaramo_Dar
Wakuu, samahani naingilia toka Bongo. Sisi huku tuna somo la Januari 2006. Wafanyabiashara watatu wa madini toka Mahenge na dereva teksi waliuawa na polisi hapa Dar, tukaambiwa ni majambazi wameuawa kwenye majibizano ya risasi. Nakumbuka watu tulishangilia kabisa, ujambazi ulikuwa umetisha kipindi kile. Rais akaunda tume ya jaji, ikaja kujulikana hawakuwa majambazi na hakukuwa na majibizano yoyote, walipelekwa msitu wa Pande wakapigwa huko. Kesi ikazunguka mahakamani miaka kumi. Mimi tangu hapo nikisikia "alikuwa anakimbia" au "walianza wao kufyatua" nauliza kwanza nani aliona. Mama wewe umeona. Hilo ni jambo kubwa, usilichukulie poa.

HardwareMan
Nimesoma yote. Sijabadilisha kwamba wezi wanatumaliza na korti zinatuangusha, na hakuna hapa aliyenijibu nifanye nini na yule niliyepatana naye sokoni. Lakini mzee Mstaafu umenifikisha mahali na hilo la panga. Huyo wa simu hakuwa anamkata mtu. Na mtoto wangu wa pili hupita hiyo njia ya vibanda akitoka tuisheni, saa hiyo hiyo.

Sheria_Mwaka4
Mama, kifo kikitokea mkuu wa kituo anatakiwa kuripoti kwa IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, lakini usingoje wao, raia anaweza kupeleka malalamiko mwenyewe. Andika leo kila kitu ukiwa bado unakumbuka, saa, alisimama wapi, alikuwa amegeukia wapi. Msidhani haiendi popote, mwaka 2016 maafisa wawili walifungwa miaka 7 kwa kumuua msichana wa miaka 14 huko Kinango, na wao walisema aliwajia na panga.

MamaChapati_Steji
Asanteni nyote, Mungu awabariki. Nitawaambia ukweli naogopa, hao askari hula kwangu, mmoja ana deni la chapati nne. Lakini leo mchana mama yake kijana alikuja. Mtu alimwambia mimi ndiye nilikuwa karibu. Ile ndala nilikuwa nimeiokota nikaiweka chini ya meza ndani ya karatasi ya unga, nikampa. Akaniuliza alikuwa anaangalia wapi. Nikamwambia mama, alikuwa ametupa mgongo sote, alikuwa anaenda.

Akaniuliza kama naweza kusema hivyo mbele ya watu. Tumekubaliana Jumatatu asubuhi, mke wa kaka yangu atanishikia jiko.