Ukoo wa Mzee Kombo: projekta ya sebule yenye mwanga

Shangazi Rehema: Assalaam alaykum ukoo. Natafuta projekta ya sebuleni, ya mechi za saa kumi jioni na katuni za wajukuu. Sebule yangu mnaijua, madirisha mawili makubwa upande wa magharibi, pazia za shifoni. Nina laki tisa. Kijana wa Kariakoo kanitumia hii, anasema lumeni 12,000, 4K, picha inchi 200, laki mbili na nusu tu.
[Picha]

Hemedi: Waalaykum salaam, shikamoo Shangazi. Mbona iko poa, ina Android ndani na inanyoosha picha yenyewe

Zuhura: Shikamoo Shangazi. Usitoe hela kwanza.

Zuhura: Muombe akupigie picha lebo ya adapta yake. Vile vidogo vya duara kama kopo adapta huwa ni wati 60 hivi. Lumeni ni kiasi cha mwanga unaotoka. Kwa wati 60 huwezi kupata lumeni 12,000 ukutani, hata robo yake hupati. Taa yenyewe ya LED hutoa kama lumeni 100 na ushee kwa kila wati, halafu mwanga mwingi unaishia ndani, kwenye kioo cha LCD na lenzi. Kinachofika ukutani ni lumeni 150, 200, kikijitahidi sana 300.

Shangazi Rehema: Marahaba wanangu. Sasa hiyo 12,000 wameitoa wapi?

Baba Mdogo Kassim: Wamejiandikia tu. Dada, namba ya kuamini ni ile yenye neno ANSI au ISO 21118 pembeni yake, hivyo ni viwango vya kupimia. Hapo picha nyeupe inagawanywa vyumba tisa, kila chumba kinapimwa katikati, kisha unachukuliwa wastani. Boksi likisema "lumeni" peke yake, au "lumeni za LED", lichukulie kama pambo.

Hemedi: Ba'mdogo lakini 4K si kubwa kuliko Full HD?

Baba Mdogo Kassim: Soma mstari wa chini yake. "Inapokea 4K" maana yake unaweza kuiingizia, yenyewe inaonyesha nukta 1280 kwa 720. Tafuta neno "native", yaani nukta za kioo chake chenyewe. Lakini kwa sebule ya dada nukta siyo tatizo la kwanza. Tatizo ni jua.

Baba Mdogo Kassim: Projekta haina uwezo wa kutupa rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni ukuta wenyewe jinsi ulivyo wakati huo. Kama ukuta umejaa mwanga wa dirishani, nyeusi yako ni ukuta mweupe. Kwa hiyo kabla ya duka, tupime ukuta. Dada una simu ya Android?

Shangazi Rehema: Ninayo

Baba Mdogo Kassim: Pakua programu yoyote ya kupima mwanga, inayosoma laksi, yaani lumeni zinazoangukia kila mita ya mraba. Kesho saa kumi, bandika mgongo wa simu ukutani, pale katikati ya picha itakapokuwa, kioo kikitazama chumba. Kihisi kiko juu karibu na spika ya sikioni, usikizibe kwa kidole wala usisimame mbele yake. Pima mara tatu: pazia wazi, pazia za shifoni zimefungwa, halafu tundika blanketi zito dirishani upime tena. Simu siyo kipimo cha maabara ila kwa kazi hii inatosha.

*Siku ya pili*

Shangazi Rehema: Wazi 420. Shifoni 260. Blanketi 35.

Zuhura: 👏🏾 Jibu lenyewe hilo hapo. Shifoni haizuii kikubwa, inatawanya tu mwanga chumba kizima.

Baba Mdogo Kassim: Sasa hesabu. Picha ya inchi 100 ni mita 2.21 kwa 1.25, yaani mita za mraba 2.76. Inchi 80 ni mita 1.77 kwa 1, mita za mraba 1.77. Chukua lumeni za kweli, gawa kwa eneo, unapata laksi za projekta. Jumlisha na za chumba, gawa kwa za chumba. Hiyo ndiyo tofauti ya nyeupe na nyeusi utakayoiona.

Kopo la lumeni 180, inchi 100: laksi 65. Ukiwa na shifoni (65+260)÷260 = 1.25. Hapo mpira huuoni, unaona ukuta wenye vivuli. Hata na blanketi ni 2.9 tu.

Projekta ya ofisi ya lumeni 3,000 ambayo globu imeshachoka, tuseme inatoa 2,000: laksi 725. Shifoni 3.8. Blanketi 22.

Hiyo hiyo, inchi 80, blanketi: 33.

Hemedi: Na inayotakiwa ni ngapi?

Zuhura: Kipimo cha InfoComm, chama cha watu wa vifaa vya sauti na picha, cha 2011, ambacho watu wa kumbi na madarasa wanakifuata: 7 kwa 1 kwa kutazama juu juu, 15 kwa 1 kwa kazi za kawaida kama slaidi, 50 kwa 1 kwa picha za kuchunguza kwa makini, 80 kwa 1 kwa filamu. Filamu ya kiza kiza mchana sahau. Mpira uwanja wa kijani, jezi za rangi, 20 inatosha kabisa. Katuni hata chini ya hapo.

Mama Nasra: Kwa hiyo pazia ndiyo projekta 😂

Baba Mdogo Kassim: Shemeji umemaliza. Kutoka shifoni kwenda pazia zito, 3.8 imekuwa 22. Ukitaka upate 22 hiyo kwa kuongeza lumeni huku umebaki na shifoni, utahitaji lumeni 15,000 za kweli. Hiyo ni mashine ya ukumbini, kuinyanyua tu wanaume wawili.

Zuhura: Shangazi, mpe fundi pazia maelekezo haya, maana wengi wanakosea hapa. Kitambaa kizito chenye bitana ya kuzuia mwanga. Upana upite dirisha sentimita 20 kila upande, urefu mpaka sakafuni. Juu weka boksi la pazia, kwa sababu mwanga mwingi unapenya pale juu ya fimbo, unagonga dari nyeupe ya jipsam halafu unashuka kwenye picha. Ukishafunga, pima tena. Ikizidi 50 tafuta upenyo uko wapi.

Shangazi Rehema: Na projekta nielekeze ukuta upi? Nilikuwa nafikiria ule unaotazamana na madirisha, ndio mkubwa.

Baba Mdogo Kassim: Huo hapana! Huo unapigwa na jua moja kwa moja. Tumia ukuta wa ubavuni, ule wenye kabati la vyombo. Mwanga wa dirisha unaupitia kwa pembeni. Kabati lihame.

Shangazi Rehema: Kabati lile lihame liende wapi Kassim

Baba Mdogo Kassim: Dada hilo la kwako na shemeji 🙏🏾

Hemedi: Kuna zile skrini za kukataa mwanga, nimeziona mtandaoni. Si anunue hiyo aache mambo ya kabati?

Zuhura: Zinafanya kazi, ila zinakataa mwanga unaotoka juu au pembeni. Ukiiweka kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, mwanga wa jua na wa projekta vinatoka upande mmoja, skrini itajuaje upi ni upi? Halafu kuna aina mbili: ya projekta za kukaa mbali, na ya zile za kukaa chini kabisa ya ukuta. Ukichanganya, picha inakuwa giza. Na skrini nzuri ya hivyo bei yake inaweza kupita projekta.

Hemedi: Na kupaka ukuta kijivu?

Baba Mdogo Kassim: Kijivu kinapunguza mwanga wa projekta na wa dirisha kwa kiwango kilekile. Uwiano unabaki ulivyokuwa, ila picha yote imefifia. Paka nyeupe ya maji isiyong'aa. Silki usiguse, inang'aa, utaona doa la globu katikati ya uwanja. Piga skimu, msasa laini, kisha mikono miwili ya rangi. Uvimbe wowote wa lipu utauona kamera ikitembea uwanjani.

Shangazi Rehema: Haya. Sasa laki tisa inanunua nini?

Zuhura: Mpya yenye Full HD na lumeni 3,000 kwenda juu hupati kwa hela hiyo. Ukisubiri ukaongeza, kuna kama Epson EB-FH06, lumeni 3,500, nukta 1920 kwa 1080. Kwa laki tisa tunazungumzia mtumba wa ofisini. Tafuta ya 3LCD, yenye vioo vitatu vya LCD, kimoja kwa kila rangi ya msingi. Hiyo lumeni za rangi na za nyeupe ni sawa. Za DLP, zinazotumia chipu ya vioo vidogo vidogo, za ofisi nyingi zina kipande cheupe kwenye gurudumu la rangi, namba inapanda kwa nyeupe tu, lakini kijani na nyekundu zinafifia. Kwa slaidi sawa. Kwa mpira utaona nyasi zimechoka.

Baba Mdogo Kassim: Na umbo. Zile za XGA, 1024 kwa 768, ni za mraba mraba. Mpira wa siku hizi ni mpana, kwa hiyo unatumia asilimia 75 tu ya kioo, robo ya mwanga inapotea juu na chini kwenye mistari myeusi. Za WXGA, 1280 kwa 800, unatumia asilimia 90. Ya XGA ya lumeni 3,300 inakuachia kama 2,475. Kwa mtumba mimi naona WXGA ndiyo ya kwako, mfano EB-W06 ya 3,700 ukiipata.

Hemedi: Naweza kwenda naye Jumamosi. Nikague nini?

Baba Mdogo Kassim: Sikiliza vizuri.

Kwanza ingia kwenye menyu, sehemu ya taarifa, soma saa za globu. Globu za aina hiyo kwa kawaida hudumu saa 4,000 mpaka 6,000 ikiwaka kwa nguvu zote, na mwisho wa maisha yake inahesabiwa kuwa imebaki na nusu ya mwanga. Saa zinaweza kurudishwa sifuri kwa rimoti, kwa hiyo usiamini namba peke yake. Iwashe dakika 20, usiyumbishwe na muuzaji mwenye haraka.

Weka picha nyeupe tupu. Madoa ya njano au ya buluu kwenye kona maana yake vichujio vya ndani vimeungua kwa joto. Hiyo iache, haitengenezeki kwa bei ya maana. Weka nyeusi tupu: madoa ya ukungu ni vumbi limeingia ndani. Kama ni DLP na unaona vidoti vyeupe vimetapakaa, chipu inakufa, vitaongezeka.

Weka maandishi, tazama kona zote nne. Kona moja ikiwa na ukungu na nyingine iko safi, lenzi imekaa upande.

Zuhura: Na mwambie muuzaji aitoe kwenye kile chumba chao cha nyuma chenye giza! Pale hata kopo linapendeza. Aiwashe dukani mbele, mlango wazi, halafu pima kwa simu: picha nyeupe ya upana wa mita 1.77 na kimo cha mita 1, soma laksi katikati, toa zile zinazosomeka projekta ikiwa imezibwa lenzi, zidisha kwa 1.77. Unapata lumeni kwa makadirio. Katikati huwa juu kidogo kuliko kona, kwa hiyo punguza kama sehemu moja ya kumi. Ukikuta chini ya 1,800, shusha bei au ondokeni.

Hemedi: Hiyo nimeipenda

Mama Nasra: Samahani, kwa hela hiyo hiyo si anunue TV ya inchi 55 awashe hata jua likiwaka?

Baba Mdogo Kassim: Swali la haki. TV inatoa mwanga wake yenyewe na kioo chake ni cheusi, jua halikigeuzi cheupe. Kama dada hataki kubadilisha pazia wala kusogeza kabati, TV ndiyo jibu, nasema wazi. Projekta inashinda kwa ukubwa tu: wajukuu kumi na mpira wa inchi 90.

Shangazi Rehema: Nataka kubwa. AFCON ya 2027 iko hapa hapa kwetu, Kenya na Uganda, nyumba itajaa. Pazia nitashona.

Zuhura: Basi malizieni haya madogo. King'amuzi kiunge kwa waya wa HDMI, mita 10 ya waya mzuri haina shida kwa Full HD. Filamu za kulipia, chukua kijiti cha TV chenye leseni, kwa sababu kuakisi kutoka simu mara nyingi kunaleta sauti na picha nyeusi. Sauti toa kwa waya kwenye sabufa. Bluetooth inachelewa, goli mtaliona kabla ya kulisikia. Projekta ikae sambamba na ukuta, ile ya kunyoosha picha kwa menyu inakula nukta na mwanga. Kwenye menyu ya picha weka hali ya mwanga wa juu wakati wa mechi, usiku rudisha ya sinema.

Baba Mdogo Kassim: Umeme: inakula kama wati 300, mechi ya saa mbili ni uniti 0.6. Weka UPS (betri ya akiba) ya VA 650, siyo ya kuangalia mechi, ni ya kuipa feni dakika chache za kupoza globu umeme ukikatika. Ukizimika ghafla usiiwashe hapo hapo, globu ya moto haishiki. Na kichujio cha vumbi kitoe kila mwezi, kipanguse kwa brashi laini. Joto la Dar na kichujio kilichoziba ndivyo vinavyoua hizi mashine.

Baba Mdogo Kassim: Ukitundika darini, bolti zishike mbao au zege, siyo jipsam peke yake.

Shangazi Rehema: Zuhura mwanangu, fundi pazia wako yule wa Magomeni bado yupo?

Zuhura: Yupo Shangazi. Pima madirisha, ongeza sentimita 40 kwenye upana wa kila moja, nitumie leo.

Hemedi: Na mimi nishapakua programu ya laksi. Jumamosi saa tatu Shangazi, nakupitia

Shangazi Rehema: Saa tatu ya kweli Hemedi, siyo ile ya lumeni 12,000.

Mama Nasra: 😂😂😂