Siku tatu Valle d'Aosta, nianzie wapi?

Mgeni_Torino: Habari zenu wakuu. Nasoma hapa Torino, milima naiona kwa mbali kila siku ila sijawahi kufika. Mwezi wa saba dada yangu anakuja kutoka Arusha, tuna siku tatu na hela sio nyingi. Watu wanasema niende Valle d'Aosta kwa sababu ni karibu. Kuna nini huko zaidi ya theluji? Na bila gari inawezekana?

Babu_Chuma: Inawezekana mkuu, mabasi yapo hadi Aosta mjini na mengine yanapanda mpaka Courmayeur, kijiji kilicho chini ya Monte Bianco. Valle d'Aosta ndio mkoa mdogo kuliko yote Italia, bonde moja kubwa limezungukwa na milima ya Monte Bianco, Cervino, Monte Rosa na Gran Paradiso, umepakana na Ufaransa, na Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiitaliano. Siku ya kwanza bakini Aosta, Warumi waliujenga mwaka 25 KK baada ya kuwashinda Wasalassi, kabila la wenyeji, lango lao na tao la kaisari Augusto bado vimesimama, mnatembea tu kwa miguu bure. Njiani mtaiona ngome ya Bard, pale jeshi la Napoleon lilikwama wiki mbili mwaka 1800.

Dada_Neema: Msiache Gran Paradiso jamani!! Ni hifadhi ya taifa tangu 1922, zamani mfalme alikuwa anawinda humo mbuzi mwitu wenye pembe ndefu, na kwa kuwa alikataza wengine kuwinda ndio wakapona, waliopo Alps nzima leo asili yao ni hapo. Nendeni Cogne, kijiji cha hapo hifadhini. Na mle polenta concia, ni ugali umechanganywa na siagi na jibini la fontina, dada yako atafurahi.

Mpanda_Mlima: Mimi nasema siku moja nzima muipe Courmayeur, tena kwa sababu inatuhusu. Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya, wa kwanza kukifikia kwa rekodi zilizopo ni Mwingereza Mackinder mwaka 1899, na waliomwongoza ni wawili wa kijiji hicho, César Ollier na Joseph Brocherel. Mwaka 1906 waongozaji wa Courmayeur tena wakawa Rwenzori na Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme, wakafika kilele cha Margherita, mita 5,109. Wapagazi wetu Waswahili na Wakikuyu waliobeba mizigo ya Mackinder nao wanastahili kutajwa, bila wao hakuna safari. Kijijini kuna makumbusho ya waongozaji, ingieni.

Mgeni_Torino: Aisee hiyo ya Batian sikuijua kabisa, asanteni sana. Na gari la kebo la kupanda juu kutoka Courmayeur vipi, linafaa?

Mpanda_Mlima: Linafaa ila bei iko juu. Linafika kilele cha Punta Helbronner, mita 3,466, wahini asubuhi kabla mawingu hayajafunga, mbebe makoti mazito hata kama chini ni joto, na kichwa kikianza kuuma mshuke msijilazimishe.