Maziwa mgando ya kibuyu yanavimbisha chupa: niongeze moshi wa oloirien au nitie karafuu?

Mkwe wa Longido
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Mama mkwe wangu yuko Longido, anagandisha maziwa kwenye kibuyu kama bibi zake. Anawasha kijiti cha oloirien, ule mzeituni pori, anakizungusha ndani hadi kuta zishike weusi, anakung'uta majivu, ndipo anamimina maziwa. Kwake hayana shida kabisa, yanazidi uchachu tu.

Mimi nayaleta Arusha mjini na kuyauza. Watu wanayapendea ile harufu ya moshi. Kasheshe inaanza nikishayatia kwenye chupa za plastiki: siku mbili tatu chupa zimevimba, ukifungua yanafoka kama soda na yananukia pombe. Wateja wananirudishia.

Dawa za viwandani sitaki. Je, kibuyu kifukizwe zaidi? Au nisage karafuu, au majani ya mwarobaini, nichanganye kidogo? Kuna jamaa ameniambia mwarobaini unaua kila kitu.

Dafu Bichi
Kikishaua kila kitu, mteja atabaki?

Sotet
Ndugu, salamu kutoka Kericho. Hiyo ni mursik yetu, tofauti ni mti. Sisi tunatumia zaidi senetwet, ule wenye maua ya njano yaliyosimama kama mishumaa. Lakini sikiza vizuri: ni mkaa wake, si majani. Majani na mizizi ni dawa ya kuharisha, ukisaga ukatia kwa maziwa utajuta. Tawi linakaushwa, linachomwa, kaa linasagwa ndani ya kibuyu kwa sosiot, ule ufagio wa ukuti, halafu vumbi linamwagwa. Na maziwa kwetu nyumbani huchemshwa, yakapoa, ndiyo yanaingia. Huyo mama anachemsha?

Mkwe wa Longido
Hapana, yanatoka kwa ng'ombe moja kwa moja. Anasema ukichemsha umeyaua.

Fundi Maziwa
Hapo ndipo tuanzie, mkuu. Nimefanya kazi ya usindikaji muda mrefu, nitasema kwa urefu kidogo.

Moshi wa oloirien unafanya kazi kweli. Una fenoli zinazodhoofisha bakteria, joto la kijiti linaunguza mabaki ya maziwa ya jana, na kuta zinakauka. Kibuyu kina vitundu vidogo visivyosafishika kwa maji na sabuni, kwa hiyo wazee walipata njia ya kusafisha chombo kisichosafishika. Lakini mti unasafisha chombo, hautibu maziwa. Kinachoyatunza maziwa yenyewe ni asidi inayotengenezwa na bakteria wazuri waliojificha kwenye hizo kuta. Ndiyo maana kibuyu cha zamani hugandisha vizuri kuliko kipya.

Sasa chupa zako. Harufu ya pombe pamoja na gesi baada ya siku kadhaa ni hamira za porini. Hamira haziogopi uchachu, na ukizipa joto la Arusha mchana kwenye chupa iliyofungwa zinashangilia. Kwa mama mkwe gesi ilikuwepo pia, ila kibuyu kinapumua, haonekani mwizi. Ingekuwa imevimba siku ileile ya kwanza, mgando una matundu na harufu ya zizi, ningekwambia ni uchafu wa kinyesi na umwage yote.

Kuongeza moshi hakutasaidia. Masizi mazito yana benzopireni, nayo inahusishwa na saratani. Tena kuna utafiti wa 2013 uliopima mursik na kukuta asetaldehaidi nyingi, kemikali inayohusishwa na saratani, jambo linaloangaliwa kwa sababu saratani ya umio ni nyingi magharibi mwa Kenya. Haijathibitishwa kwamba mursik ndiyo chanzo, msianze kuogopana. Ila fukiza kwa kiasi, kwa mti mkavu, na kung'uta vumbi lote.

Karafuu ina eujeno, inazuia vijidudu kweli. Lakini kiasi cha kuzuia hamira kitawabana na hao bakteria wanaogandisha, na mteja atahisi anakunywa dawa ya meno. Mwarobaini sahau: mchungu, na si wa kunywesha watu kila siku.

Fanya hivi: chemsha, acha yapoe hadi vuguvugu, tia kijiko cha mgando mzuri wa mama, gandisha kwenye kibuyu kilichofukizwa, kisha peleka kwenye ubaridi wa nyuzi 4 mara yakishaganda. Na kuchemsha si kwa ajili ya gesi tu. Kuna brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi, na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauviui kwa uhakika.

Mkwe wa Longido
Ahsante sana mkuu. Sasa nani atamwambia mama mkwe?

Bibi Harusi 70
Mwanangu, mama mkwe hafundishwi. Mpelekee kibuyu kipya na kilo ya sukari, mwambie mjini watu matumbo yao dhaifu, wameomba ya kuchemsha. Akufukizie yeye, na mbegu ya mgando itoke kwake. Cha kwake kiache kama kilivyo. Akionja cha kwako akakisifu, nyamaza.

Dafu Bichi
Bibi umemaliza 😂

Mzani
Mkuu, kwa kuwa unauza: usimamizi wa vyakula ulihamia TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, na Bodi ya Maziwa nao wanahusika. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Arusha, watakuelekeza. Ukikamatwa na maziwa yasiyochemshwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, habari ya oloirien haitakuokoa.

Mkwe wa Longido
Chupa ndizo hizohizo za maji, nazisuuza kwa maji ya moto. Nazo ni tatizo?

Fundi Maziwa
Ni tatizo kubwa. Maji ya moto kweli yanazikunja, ya vuguvugu hayaui hamira, na shingo pale kwenye nyuzi za kifuniko panabaki utando. Nunua mpya zenye mdomo mpana, au sambaza kwa keni ya chuma cha pua na mteja aje na chombo chake. Keni unaichemshia maji ndani, unaigeuza chini juu ikauke. Usiifukize.

Sotet
Na usijaze mpaka juu.