Wauza spea mnaouza spring za valvu kwa kuuliza "cc ngapi" tu, mtatuua na hii milima

Wakuu habari za muda huu. Nina hasira, mtanivumilia kama naandika bila kupumua.

Mimi ni boda, njia yangu ni Mombo, Soni, Lushoto, huku milima ya Usambara, Tanga. Kupanda napeleka abiria na mizigo ya maduka, kushuka nashusha karoti na kabichi, na anayeijua ile barabara anajua pale hakuna kudanganyana, pikipiki yenye ugonjwa inaumbuka kabla hujafika Soni. Chuma ni ya Kichina, cc 150, injini ya CG ile ya pushirodi (fito zinazosukuma valvu). Niko nayo kwa mkataba, kwa hiyo ikilala siku moja tajiri mwenye pikipiki anapiga simu saa mbili usiku kuulizia hesabu.

Sasa mwezi uliopita ilianza kutoa moshi asubuhi, fundi akafungua hedi (kichwa cha injini, zinakokaa valvu), sili za valvu zimekufa, akasema na spring zimechoka tuweke mpya. Sikubisha, spring ikipigwa joto miaka yote hiyo inalegea na inapungua urefu, hilo liko wazi. Nikapanda gari mpaka duka la spea, jamaa akaniuliza cc ngapi nikamwambia 150, basi, hakuuliza kingine! Nikamwambia boss hata namba ya kwenye bloku nimeandika kwenye simu, 162FMJ, akacheka, "ndo hiyo hiyo, chukua orijino hii." Nailoni ina spring nne, kubwa mbili na ndogo mbili, elfu nane. Nikalipa kama bwege.

Kumbe ile namba haisemi kitu kuhusu valvu! Ile 1 ya mbele ni silinda moja, 62 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni ya kupozwa na upepo, M pikipiki, J ni kundi la cc 150. Hakuna herufi inayosema valvu zinasukumwa na fito au kamshafti (mhimili unaofungua valvu) iko juu inazungushwa na cheni. Kuna injini za CB za cheni zimepigwa chapa hiyo hiyo 162FMJ, na vyombo vya juu ni vingine kabisa. Mtu anauza spea kila siku hajui hilo, au anajua na hajali, sijui kipi kibaya zaidi.

Ikafungwa. Tambarare iko vizuri, sailensa haikohoi, nikasema safi. Siku ya kwanza na mzigo, gia namba mbili, resi yote, inafika mahali inagoma, inavuma haiendi, kabureta inakohoa na eksozi inapiga baruti watu wanageuka kuniangalia. Fundi akasema kabureta. Tukasafisha jeti. Akasema plagi, nikanunua plagi. Akasema klachi inateleza, nikanunua na sahani za klachi!!! Hela yangu hiyo wakuu, hela ya ada ya mtoto, na ugonjwa hauko huko kabisa. Kamshafti inafungua valvu lakini anayeifunga ni spring peke yake, ikiwa nyepesi basi injini ikienda mbio valvu inabaki inaelea haijakaa kwenye siti na kamshafti imeshazunguka inakuja kuifungua tena. Utapata wapi kompresheni hapo? Ndo maana taratibu inaenda poa na ukiivuta inagoma.

Iliyonimaliza ni kushuka. Natoka juu na magunia mawili, namba mbili, resi nimefunga ili injini inisaidie breki, mzigo unasukuma, injini ikawa inazunguka kuliko nilivyotaka, nikasikia ta-ta-ta-ta kwenye hedi. Nikasimama pembeni, miguu inatetemeka, yule mama mwenye karoti aliyenifuata na boda nyingine ananiuliza "mwanangu vipi" sina jibu.

Hedi ikafunguliwa nikiwepo, safari hii nilikaa pale pale kwenye tofali sitoki. Juu ya pistoni kuna alama nyembamba kama ukucha, valvu ya eksozi imekuja kuibusu, na yenyewe imepinda. Upande wa hewa ndo nikachoka zaidi: chini ya spring kuna washa mbili za bati! Namuuliza fundi hizi zimetoka wapi, anasema "niliona spring imelegea nikainua kidogo." Kaka, umeinua mpaka valvu ikifunguka mwisho koili zinagusana, hazina pa kwenda, na pushirodi moja imepinda kama sindano ya mkeka. Halafu zile zenye koili zilizobanana upande mmoja kaziweka kichwa chini, koili zilizobanana zinatakiwa zikae chini kwenye hedi.

Mtu atakuja hapa aseme urefu sio nguvu, unene wa waya ndo mambo. Sawa, ndo maana sikuishia kupima urefu. Nilichukua spring kubwa ya zamani na hii mpya, nikazipanga kichwa kwa kichwa na washa katikati, nikabana kwenye vaisi taratibu. Zote zinapata mkandamizo ule ule, kwa hiyo iliyo laini ndo inajikunja zaidi. Mpya ilijikunja karibu yote, ile ya zamani "iliyochoka" imesimama inaiangalia. Nilipiga na picha.

Nikarudi dukani na picha, na spring, na valvu iliyopinda. Jibu: "spea ikishafungwa hairudi." Nikamuuliza sasa ntajuaje mbovu bila kuifunga? Akaendelea kuhudumia wateja.

Na msije kuniambia ninunue zile ngumu za mashindano, spring ngumu kupita kiasi inakula kamshafti na roka (mkono unaobonyeza valvu) na inapinda hizo hizo pushirodi. Nataka ya CG yenye nguvu ya CG, basi.

Jana nimeenda duka lingine na ile ya zamani mfukoni na vernia (kifaa cha kupimia milimita) niliyoazima kwa fundi wa majenereta. Nikapima urefu, kipenyo, unene wa waya, nikahesabu na koili. Muuzaji akaniuliza kwa upole, "samahani, wewe ni mtu wa TBS, wale wa viwango?" Nikafungua nailoni tano, mbili tu ndo zilifanana na yangu. Valvu na pushirodi hana, anasema Jumatatu.

Tajiri ameshapiga mara mbili leo.