Tupeane uzoefu: kupiga picha viwanda vilivyokufa, Malindi hadi Lamu

Mwenye uzi, Malindi
Hamjambo wana Pwani. Magofu ya Gede na nguzo ya Vasco da Gama yamepigwa picha na kila mgeni. Mimi moyo wangu uko kwenye majengo yasiyo na tiketi wala mwongozaji: vinu vya pamba, maghala, karakana. Wazee wetu walilelea watoto kwa kazi za huko, na sasa wanunuzi wa vyuma chakavu wanayamaliza kipande kwa kipande. Aliyewahi kuingia na kamera atusimulie alivyopata ruhusa na alichokikuta.

Naanza mimi. Kwenye kinu kimoja cha pamba nilimwomba mlinzi, akampigia mwenye jengo, nikaambiwa nirudi kesho yake. Nikarudi na mzee wa mtaani kwetu aliyekuwa fundi humo ndani. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya misumari ya mabati, vumbi likawa linaonekana kama mistari. Niliweka tripodi (miguu mitatu ya kamera), nikaacha shata, kilango cha mwanga, wazi sekunde kadhaa, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, ya chini. Mzee akawa ananionyesha: pamba mbegu iliingilia hapa, rola zikavuta nyuzi upande huu, mbegu zikaanguka chini, nyuzi zikaenda kushindiliwa marobota. Halafu akanipeleka pembeni, nyuma ya mashine ya kushindilia. Ukutani kuna hesabu za marobota zilizoandikwa kwa mkaa, zamu baada ya zamu, na mwandiko mmojawapo ni wake. Nilimpiga picha kidole chake kikiwa juu ya tarakimu zile. Bila yeye ningetoka na picha za magurudumu tu.

Dada wa Kilifi
Shikamoo kwa huyo mzee. Mamangu alibangua korosho kiwandani miaka mingi. Sikuruhusiwa kuingia, kwa hivyo nilimsimamisha nje ya lango, saa kumi na moja jioni jua likiwa limelala. Maganda ya korosho yana mafuta makali yanayochoma ngozi na kuacha weusi. Nilipiga mikono yake karibu kabisa, lango likiwa ukungu nyuma yake. Wajukuu wake wanaijua kazi hiyo kwa picha ile.

Mvuvi, Ngomeni
Mmesahau San Marco! Yale majukwaa ya chuma baharini kwetu ndiko roketi za kupeleka satelaiti zilikorushwa kuanzia 1967, na ya mwisho iliondoka Machi 1988. Waitaliano walipachagua kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaisukuma roketi zaidi, na upande wa mashariki ni bahari tupu. Tarehe 12 Desemba 1970 iliruka hapo satelaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kuchunguza eksirei (miale kama ile ya mashine za hospitali) zinazotoka angani. Ikaitwa Uhuru, maana Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru siku hiyo hiyo. Watoto wa hapa wanayaona majukwaa kila siku, na wengi hawajasimuliwa habari hii. Inaniuma.

Kwa mpiga picha: kwenye mashua tripodi haina kazi. Tumia lenzi ndefu, shata iwe kasi, sehemu ya 1 kwa 1,000 ya sekunde au zaidi, maana chombo hakitulii. Asubuhi jua linatoka nyuma ya majukwaa, utapata vivuli vyeusi; ukitaka kutu ionekane rangi yake, nenda alasiri. Kila baada ya dakika chache futa chumvi kwenye lenzi kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi, kwa hivyo msisogee wala kupanda bila kibali.

Wa Lamu
Huku kwetu viwanda vikubwa hatuna, ila tuna sehemu zilikochomewa chokaa: matumbawe juu ya kuni za mikoko, moto usiku kucha. Saruji imeiondoa kazi hiyo mahali pengi. Nenda na mzee anayejua, la sivyo utaona rundo la mawe meupe tu.

Fundi wa ujenzi, Mambrui
Paa za zamani nyingi ni asbesto, saruji yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Iliyovunjika usiiguse wala kuifagia, na barakoa ya kitambaa haikingi nyuzi zake. Kinyesi cha popo nacho ni hatari kwa mapafu. Sakafu ya mbao, pita juu ya boriti. Na droni inahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, hata kama jengo halina mtu.

Mwenye uzi
Mvuvi, ni miezi gani nzuri?

Mvuvi, Ngomeni
Kusi, upepo wa kutoka kusini, lina mawimbi, kamera italowa. Subirini litulie, kuanzia mwezi wa kumi na moja. Mwaweza kuja kwangu, majaketi ya kuokolea yapo, na babangu mdogo aliyekuwa akibeba mizigo kwenda majukwaani amekubali kuja nasi.