Mbwa anazaa mara ya kwanza, joto limeshuka asubuhi: nisubiri hadi lini?

Mfugaji wa Lanet

Habari zenu wafugaji. Nina jike la German Shepherd, miaka mitatu, kilo 31 kabla ya mimba, na hajawahi kuzaa. Alipandwa mara mbili, siku mbili zikipita katikati, na nikihesabu kutoka mara ya kwanza leo ni siku ya 61. Wiki nzima joto lake limekuwa kati ya nyuzi 38.1 na 38.5. Leo saa kumi na mbili asubuhi kipimajoto kilionyesha 37.2, nikarudia baada ya saa moja nikapata 37.1. Chakula amekataa, anafukua kona ya stoo, anahema mdomo wazi, na ute mweupe unaovutika umemtoka kidogo. Maziwa bado, chuchu nikiminya hakuna kitu. Hajaanza kusukuma.

Uchungu ukishaanza, ni saa ngapi za kusubiri kabla ya kujua kuna shida? Pia kwenye duka la dawa za mifugo nimeshauriwa nimdunge oksitosini ya kuharakisha na kalsiamu ya kumpa nguvu. Ni salama? Eksirei hakupigwa, kwa hiyo sijui wako wangapi tumboni.

Daktari wa Njoro

Ndugu wa Lanet, sindano hizo ziache dukani. Sababu nitaieleza, lakini tuanze na saa, maana ndizo utakazozihitaji usiku wa leo.

Joto likishuka nyuzi moja hivi kutoka kiwango chake cha kila siku, ujue projesteroni imeanguka. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuzuia mji wa mimba usikaze. Kwa kawaida uchungu hufuata ndani ya saa 24. Joto litapanda tena lenyewe, hivyo jioni ukikuta 38 usidhani asubuhi ulipima vibaya. Tarehe ya kupandwa haiaminiki kiasi hicho: mbegu za dume huishi ndani ya jike siku kadhaa, na mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga, yakahitaji siku mbili tatu kupevuka. Ndiyo maana mmoja huzaa siku ya 58 na mwingine ya 70 tangu kupandwa, na wote wawili wako sawa.

Unayoyaona sasa ni hatua ya kwanza. Shingo ya kizazi inafunguka na mji wa mimba unakaza, ila kwa nje huoni kitu. Huchukua saa 6 hadi 12, na kwa asiyewahi kuzaa zinaweza kufika 24. Kufukua, kutetemeka, hata kutapika, si ugonjwa. Maziwa nayo yasikutie hofu. Wengi wa uzao wa kwanza huyashusha watoto wakishaanza kunyonya.

Saa ya kuhesabu inaanza pale tumbo linapokaza waziwazi na yeye anasukuma. Andika dakika hiyo kwenye karatasi. Akisukuma kwa nguvu dakika 30 mfululizo bila mtoto kutoka, piga simu wakati huohuo, hata kama ni saa nane za usiku. Baina ya mtoto na mtoto kwa kawaida ni dakika 30 hadi saa moja. Anaweza pia kupumzika hadi saa mbili akiwa ametulia na ananyonyesha. Zikizidi, na unahisi bado wamo, piga simu. Uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza hauna kusubiri: kondo limebanduka na kuna mtoto anayekosa hewa. Rangi hiyohiyo ikija baada ya mtoto wa kwanza ni ya kawaida. Na saa 24 zikipita tangu joto lishuke bila kusukuma hata mara moja, aonwe na daktari. Mji wa mimba huenda umeshindwa kuanza kazi, jambo linalotokea zaidi mtoto akiwa mmoja au wawili, au wakiwa wengi hadi msuli umetanuka kupita kiasi.

Oksitosini huukaza mji wa mimba kwa nguvu. Kama shingo haijafunguka, au mtoto amekaa vibaya njiani, nguvu hiyo haina pa kwenda: mji unaweza kupasuka, au makondo yakabanduka na watoto wakafia ndani. Tena dozi ya ng'ombe iliyoandikwa kwenye chupa ni mara kumi na zaidi ya inayomfaa mbwa. Kalsiamu nayo, ikiingia kwenye mshipa haraka, husimamisha moyo. Daktari huidunga polepole huku akiusikiliza. Kumpa kalsiamu ya ziada wakati wa mimba pia ni kosa, kwa sababu mwili huzoea kuletewa na unasahau kuitoa kwenye mifupa, halafu maziwa yakianza kutoka kwa wingi anaishiwa.

Fanya jambo moja mchana huu. Mpigie daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board umuulize hivi: je, unampasua mbwa usiku kutoa watoto waliokwama? Wengi wetu huku Nakuru tunashinda kwa ng'ombe wa maziwa, na si kila mmoja ana vifaa vya kumlaza mbwa dawa ya usingizi. Ukiambiwa hapana, omba akuelekeze kwa anayefanya. Mtafute pia mwenye gari atakayekubali kubeba mbwa, mkubaliane bei kabisa kabla jua halijazama.

Nyar Kisumo

Daktari amemaliza upande wa saa, mimi niongeze ya mikono.

Boksi la mbwa wa ukubwa huo liwe sentimita 120 kwa 120, ukuta sentimita 45, na ndani upigilie ubao au bomba kuzunguka, sentimita 10 kutoka chini na 10 kutoka ukutani. Mama akijitupa chali dhidi ya ukuta, mtoto anabaki na nafasi chini ya ubao. Bila huo ubao, watoto hubanwa wakafa usiku na mama mwenyewe hajui. Tandika magazeti mengi, juu yake blanketi kuukuu lisilo na nyuzi zinazoning'inia. Gunia hapana, vidole hunasa. Wala vumbi la mbao, linaganda puani na kwenye kitovu kibichi.

Weka karibu taulo ndogo nyingi, uzi uliochemshwa, mkasi uliochemshwa, ayodini, glavu, mizani ya jikoni na kile kipira cha kunyonya kamasi za mtoto mchanga, kinapatikana duka lolote la dawa. Mtoto akitoka, mwachie mama dakika moja hivi. Asipopasua utando, upasue wewe kuanzia mdomoni, nyonya kamasi, kisha msugue mgongoni na taulo kwa nguvu hadi alie. Usimrushe wala kumzungusha hewani kama wengine wanavyofanya, ubongo wake huumia. Kitovu kifunge sentimita 2 au 3 kutoka tumboni, kata upande wa mbali, chovya ayodini.

Wengine watatanguliza miguu ya nyuma. Usishtuke, kwa mbwa hiyo ni njia ya kawaida. Akikwama nusu nje, mshike kiunoni kwa kitambaa safi na uvute polepole kuelekea chini, upande wa miguu ya mama, pale tu anaposukuma. Usivute mguu mmoja. Hesabu makondo pia, kila mtoto na lake. Mama akila mawili matatu hakuna neno, yakizidi ataharisha.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, wainyonye mapema, ndani ya saa 12 za kwanza, kwa maana ndipo matumbo yao huweza kupitisha kinga. Wapime kila siku: wakifika siku ya 10 wawe wamekaribia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayatoshi, mafuta na protini yake haifiki nusu ya ya mbwa. Mama mwenyewe mpe chakula cha watoto wa mbwa, au uji mzito na ugali wenye omena nyingi, mara nne kwa siku.

Mkulima Shinyalu

Dada wa Kisumu yuko kwenye joto la ziwa, huko shida ni mama kuhemewa. Lanet usiku ni baridi, na watoto wa wiki ya kwanza hawawezi hata kutetemeka wajipashe. Boksi lao linataka nyuzi 29 hadi 32. Mtoto aliyepoa hanyonyi, na ukimlazimisha maziwa akiwa baridi tumbo halisagi. Mpashe kwanza, polepole, ndipo umpe. Jaza chupa za plastiki maji ya moto, zifunge kwa taulo, ziweke upande mmoja tu ili anayeona joto limezidi asogee. Tafadhali usiingize jiko la makaa stoo. Hewa yake haina harufu, na itaua watoto, mama, na wewe uliyekesha nao.

Kwa walio huku kwetu, siafu huja usiku baada ya mvua na mtoto wa mbwa hana pa kukimbilia. Inua boksi kwenye miguu minne, kila mguu ndani ya kopo la maji ya sabuni, na blanketi lisiguse chini.

Mfugaji wa Lanet

Asanteni sana. Daktari wa usiku nimempata na gari lipo. Swali la mwisho: bila eksirei nitajuaje amemaliza?

Daktari wa Njoro

Aliyemaliza hutulia: pumzi inashuka, anajinyoosha, anawalamba watoto na kula. Anayeendelea kuhangaika, kusimama na kukaa, au kuangalia ubavu wake, huenda bado anaye mmoja. Kupapasa tumbo hakutoshi kwa mbwa mkubwa, mji uliokaza baada ya kuzaa nao hushikika mgumu. Kwa hiyo mwite daktari amkague ndani ya saa 24, awaangalie na watoto midomo, wasije wakawa na kaakaa lililopasuka. Mimba ijayo piga eksirei baada ya siku ya 55, mifupa ikiwa imekolea, uhesabu vichwa.

Endelea kumpima joto wiki nzima. Hadi 39.4 siku za mwanzo si neno. Likipita hapo, au uchafu ukianza kunuka, mlete. Uchafu usionuka, wa kijani cheusi unaogeuka kahawia, waweza kuendelea wiki tatu. Na ndani ya wiki nne hizi, akianza kutembea miguu imekakamaa, kuhema bila jua na kutetemeka misuli, waondoe watoto kwenye chuchu na umkimbize kliniki. Hiyo ndiyo kalsiamu kuisha, na hapo ndipo sindano yake inapohitajika, mkononi mwa daktari.