Ulinganisho: mgeni apewe akaunti gani kwenye kompyuta ya nyumbani?

Kipanya_wa_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Nyumbani tuna laptopu moja tu, ya mtumba, Windows 11, na ndiyo inayobeba kila kitu. Mke wangu anatolea ankara za duka lake, mimi nina kazi za ofisini, watoto wana katuni zao. Mwezi huu anakuja mpwa wangu, kamaliza kidato cha nne, atakuwa nasi mpaka matokeo yatoke. Shemeji naye hakosi wikiendi: "Shem, naomba nitoe karatasi moja." Kumnyima mgeni kompyuta ni kujitafutia maneno kwenye familia, ila PIN yangu sitoi.

Njia ninazozipima ni hizi: niwafungulie akaunti ya pili ya kawaida, niwawekee ile ya mgeni kabisa, inayojifuta, au nisifungue akaunti yoyote, niwape dirisha la mgeni la Chrome. Jamaa mmoja kazini anasema huo wote ni usumbufu, PIN ya tarakimu 4 inatosha, na mgeni ukimfungulia unakaa naye. Nyie mnatumia ipi, na kwa nini?

Fundi_Jirani

Mkuu, mtu wa kukaa nanyi mpaka matokeo yatoke utakaa naye mbele ya kioo kila siku? Jamaa yako tumwache.

Dirisha la mgeni la Chrome linafaa kwa kazi ya dakika kumi. Halionyeshi historia yako, alamisho wala nywila ulizohifadhi, na likifungwa halibakizi alichokuwa anavinjari. Shida yake ni kwamba liko ndani ya akaunti yako. Mgeni akilifunga na kubofya Chrome ya kawaida, anakukuta mzima mzima: Gmail iko wazi, WhatsApp Web iko wazi. Watu hujifariji kwamba Chrome haionyeshi nywila mpaka uweke PIN ya Windows. Ni kweli haizionyeshi, ila inazijaza yenyewe. Ana haja gani ya kuijua nywila kama anaingia bila kuijua? Na aliyeingia Gmail yako anaweza kuombea nywila mpya ya karibu kila kitu kingine ulichokifungua kwa barua pepe hiyo.

Akaunti ya pili ya kawaida ndiyo ninayowawekea wateja wangu. Ingia Settings, Accounts, Other users, jibu kwamba huna taarifa za mtu huyo, halafu mwongeze bila akaunti ya Microsoft. Aina iwe Standard, isiwe Administrator. Hapo akitaka kuweka programu ya kugusa mfumo mzima, Windows inadai nywila ya msimamizi. Usidhani kafungwa kila kitu lakini. Zipo programu zinazojiweka ndani ya folda ya mtumiaji bila kuomba ruhusa, Chrome ikiwemo. Atachafua kwake.

Ile ya mgeni kabisa, Guest tuliyoizoea enzi za XP na Windows 7, haitumiki tena tangu Windows 10. Hata jina Guest limeshikwa na mfumo, usihangaike nalo. Unachoweza ni kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika:

net user Mgeni * /add
net localgroup Users Mgeni /delete
net localgroup Guests Mgeni /add

Hiyo nyota inakufanya uulizwe nywila. Ukibonyeza Enter mara mbili inabaki bila nywila. Mtu aliye kwenye kundi la Guests akitoka, profaili yake inafutwa. Kwa shemeji wa karatasi moja, safi kabisa. Kwa mpwa ni balaa: kakesha anaandika barua ya maombi, katoka, haipo.

MamaWawili

Hahaha, mpwa atakununia mpaka siku ya harusi yake. Mpe ya kawaida.

Ila jamani hiyo PIN ya tarakimu 4. Nyumba nyingi ninazozijua ndiyo hiyo hiyo ya M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa). Unaibonyeza mbele ya watoto kutwa nzima, kidole kimoja kimoja, halafu simu unaiacha mezani unaenda kuoga. PIN ya Windows inakubali herufi na alama, kuna kiboksi cha kutiki pale unapoibadilisha. Tikini.

SaibaNakuru

Sasa ndugu zangu. Mimi nimeendesha saiba hapa Nakuru na kuna jambo nangoja mtu aliseme, halisemwi. Mnaongea akaunti, akaunti, akaunti. Mafaili yenyewe yako wapi?

Karibu kila laptopu inayopita mikononi mwangu ina C na D, yaani sehemu mbili za diski. Fundi alimwambia mwenyewe: "Weka vitu vyako D, Windows ikiharibika nafomati C, vyako vinabaki." Kwa habari ya fomati ushauri huo ni mzuri. Kwa habari ya mgeni ni mbaya sana. Folda yako iliyo ndani ya C:\Users haifunguki kwa mtumiaji wa kawaida. Akibofya anaambiwa hana ruhusa. Lakini D, kwa ruhusa zinazokuja na Windows yenyewe, kila aliyeingia kwenye mashine kwa akaunti yake anaweza kusoma, kubadilisha na kufuta. Fungua hiyo akaunti ya mpwa, ingia kama yeye, bofya D. Ankara za mama watoto, picha za harusi, skani ya kitambulisho, vyote viko pale, na Delete inafanya kazi vizuri tu.

Dawa nyepesi ni kuhamishia vya siri kwenye Documents ya akaunti yako kule C. Kama C ni ile diski ndogo ya SSD na imejaa, tengeneza folda moja D, tia kila kitu ndani kwanza, ndipo ubofye kulia, Properties, Security, Advanced, uzime urithi wa ruhusa. Bakisha jina lako, SYSTEM na Administrators. Users na Authenticated Users toa. Nasema utie kwanza halafu ufunge kwa sababu faili likihamishwa ndani ya D hiyo hiyo linaweza kuja na ruhusa zake za zamani. Ukishamaliza, ingia tena kama mgeni ujaribu kuifungua. Usiamini macho ya msimamizi.

Na flashi au diski ya nje iliyofomatiwa FAT32 au exFAT haina ruhusa hizo hata kidogo. Hiyo funga kabatini.

Saiba tulikuwa na programu ya Deep Freeze, mashine ukiizima na kuiwasha inarudi ilivyokuwa. Nyumbani sikushauri, kazi zako mwenyewe zitaenda nayo.

Kipanya_wa_Moro

Aisee SaibaNakuru! Nimefungua akaunti ya majaribio sasa hivi, nimebofya D, folda ya "Kodi dukani" hiyo hapo imekaa. Nimeibadilisha jina, imekubali bila kuuliza. Nikamwita mke aone. Hajafurahi.

Swali jingine kwa Fundi: akaunti ya mgeni iwe na nywila au iachwe wazi?

BintiMaskati

Salaam aleikum kutoka Maskati. Sisi nyumbani ni Mac, na kwa wageni ndiyo rahisi kuliko zote hizo. Unakwenda mahali pa watumiaji kwenye mipangilio, unawasha Guest User, basi. Akitoka, vyake vyote vinafutwa. Ila mjue jambo moja: ukiwa umewasha FileVault, yaani usimbaji, yaliyomo kwenye diski yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, mgeni hapati chochote ila kivinjari cha Safari. Binti wa khalati yangu alidhani mashine imeharibika.

Fundi_Jirani

Kipanya, jibu linategemea mgeni. Kwa mipangilio yake ya kawaida Windows haikubali akaunti ya ndani (isiyo ya Microsoft) ambayo haina nywila kutumiwa kupitia mtandao. Inaingilika ukiwa umekaa kwenye mashine yenyewe tu. Kwa hiyo akaunti wazi ina kinga fulani ambayo "1234" haina, maana hiyo ya 1234 inajaribika hata kutoka mashine nyingine. Shemeji mwachie wazi. Mpwa mpe yenye nywila na aichague mwenyewe, ili na binamu zake wasimsumbue.

Nguvu zako peleka kwenye nywila ya akaunti ya msimamizi. Maneno manne yasiyohusiana, marefu, ambayo vidole vyako vinayaweza, yanashinda P@ss1 na vituko vyake. Na hiyo desturi ya kubadilisha kila mwezi achana nayo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishatoa mwongozo mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha kwa ratiba, ibadilishwe pale inapoonekana imevuja. Ukilazimishwa kila mwezi unaishia kuongeza namba mwishoni tu.

Pengwini_TZ

Nimesoma uzi wote natabasamu. Nipeni laptopu isiyosimbwa na flashi ya Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, nawasha kutokea kwenye flashi, nafungua Documents zenu bila kuulizwa PIN wala maneno manne. Ruhusa za SaibaNakuru anazitii Windows. Mfumo mwingine hauna habari nazo. Ndivyo mafundi wengi wanavyookoa mafaili ya mtu aliyesahau nywila.

Kinachonizuia ni usimbaji wa diski. Windows Pro ina BitLocker. Home kwenye mashine nyingi mpya ina Device encryption, angalia kwenye Settings, Privacy & security. Ukiiwasha utakuwa na ufunguo wa akiba wa tarakimu 48. Uprinti, uweke na vyeti vyako. Usiuhifadhi ndani ya laptopu hiyo hiyo!

Na msidhani nawauzia Ubuntu. Ilikuwa na kikao cha mgeni kizuri tu, mwaka 2017 ikagundulika matoleo mapya ya wakati huo hayamfungi mgeni inavyotakiwa, kikazimwa, na toleo la 17.10 likaja bila hicho kikao kabisa. Halafu kabla ya toleo la 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mmoja ilisomeka na mwenzake kwa kawaida yake. Mwenye iliyosasishwa kutoka ya zamani aandike chmod 750 ~ kwenye Terminal, alale.

Fundi_Jirani

Pengwini uko sahihi, ila mpwa wa kidato cha nne si mwizi wa laptopu. Usimbaji ni wa siku laptopu ikiibiwa kwenye basi. Akaunti na D ni za kila siku. Mimi ningeanza na D leo usiku, usimbaji wikiendi, baada ya kunakili mafaili kwingine.

Pengwini_TZ

Wa kidato cha nne wa siku hizi ana YouTube, mzee. Lakini haya, mpangilio huo naukubali.

MamaWawili

Nami nina langu. Akaunti ya ndani ya Windows inakudai maswali matatu ya usalama ili ukisahau nywila ujiokoe. Maswali yenyewe: mji uliozaliwa, jina lako la utani utotoni, mnyama wako wa kwanza. Mgeni wako ni nani? Ni ndugu! Shangazi yangu anajua jina langu la utani, analitangaza kwenye kila msiba. Jibuni uongo. Mji uliozaliwa: "bamia saba". Andika kwenye daftari, lifungie.

Kipanya_wa_Moro

MamaWawili umeniua.

Basi nimeamua hivi. Mpwa anapata Standard yenye nywila yake. Shemeji anapata ile ya kundi la Guests, wazi. Watoto nao nawatoa kwenye akaunti yangu, maana nimeona wao ndio wageni wakubwa kuliko wote, na mimi mwenyewe kazi za kila siku nitafanyia akaunti ya kawaida, ya msimamizi ikae peke yake. Vya D vinahamia Documents usiku huu, mke kasema halali mpaka folda yake itoke. Device encryption nimeiona ipo, wikiendi.

Limebaki moja. Shemeji akiingia kwa hiyo akaunti ya Mgeni, printa ataiona? Ni ya waya, ya USB.

SaibaNakuru

Ya USB ikishawekwa na msimamizi inaonekana kwa wote, hana la kufanya ila kubofya Print. Zile za kuunganishwa kupitia kompyuta nyingine ndizo kila mtumiaji anajiunganishia mwenyewe. Mwambie tu aje na karatasi yake iko kwenye flashi, na flashi ipigwe skani ya virusi kabla haijafunguliwa.